Amonia ya banda: mwenye kuku haisikii, jirani halali

Ukipita mitaa ya Kitunda au Chanika alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupishana, kuna kona utajua zina banda kubwa la kuku hata kama ukuta ni mrefu. Macho yanawasha, koo linakwaruza. Mwulize mwenye banda, atakushangaa: "Harufu gani tena, jirani? Mbona mimi nalala hapahapa?" Wala hadanganyi. Pua ikikaa na harufu moja kwa muda huizoea na kuacha kuitolea taarifa, kwa hiyo anayeizalisha huwa wa mwisho kuisikia.

Kinachowasha hapo ni amonia, gesi isiyo na rangi. Watu husema "harufu ya kinyesi", lakini kinyesi kikidondoka tu hakimtoi mtu machozi. Kuku hakojoi kama ng'ombe. Taka ambazo sisi huzitoa kwa mkojo, yeye huzitoa kwenye ule weupe unaokaa juu ya kinyesi, yaani asidi ya yuriki. Bakteria huuvunja weupe huo, na amonia ndiyo inayobaki ikipaa. Wanachohitaji ni joto na unyevu. Joto la Dar hakuna wa kulizuia, basi kazi yote inabaki kwenye maji.

Na maji ni mengi kuliko tunavyodhani. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi gramu 100 na ushei kwa siku. Kuku 1,000 ni zaidi ya kilo 100, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Hapo bado hujahesabu chombo cha maji kinachovuja wala bati lenye tundu wakati wa masika. Chota maranda au pumba za mpunga zilizotandazwa sakafuni, karibu na chombo cha maji, ufumbate. Ukifungua kiganja yakabaki tonge, yameloa. Yakimeguka taratibu, yako sawa. Yakitimka vumbi, yamekauka kupita kiasi, na vumbi hilo nalo hubeba harufu hadi kwa jirani. Tonge lile litoe nje siku hiyohiyo. Wengi hulifunika kwa maranda mapya, banda likapendeza kwa siku mbili huku chini mambo yakichemka.

Kosa jingine, na hili hufanywa kwa nia njema kabisa, ni chokaa. Mtu akisikia harufu anamwaga chokaa juu ya maranda machafu. Chokaa huua vijidudu na hukausha, sikatai. Lakini ni kinyume cha asidi, na amonia iliyokuwa imetulia ndani ya unyevu ikikutana nayo hugeuka gesi na kupaa yote kwa mkupuo. Mahali pa chokaa ni kwenye sakafu tupu, baada ya kuzoa. Kwenye mashamba makubwa ya Marekani hutumia kitu cha tabia tofauti: chumvi za alumini zenye asidi, za jamii moja na shabu yetu ya kusafishia maji, ambazo huishika amonia ibaki kwenye mbolea.

Kiwango kinachotajwa sana kama ukomo ndani ya banda ni sehemu 25 za amonia katika milioni moja za hewa. Ikizidi, vinyweleo vidogo vya kwenye koromeo la kuku, vinavyosukuma uchafu nje, huharibika, na mafua na kideri vikapata mlango. Kabla jirani hajaenda kwa mjumbe, kuku wameshaumia.

Kuhusu upepo, wazee wa pwani wanaweza kukusaidia kuliko mchora ramani. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi hutokea kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Ukiviweka pamoja utaona kwamba jirani aliye upande wa bara, magharibi ya banda, hapumziki karibu mwaka mzima. Usiku upepo hulegea, hewa ya chini hupoa na kutulia, harufu ikatambaa mtaani badala ya kupanda. Ndiyo maana lawama nyingi ni za usiku na alfajiri, na ndiyo maana kuzoa banda ni kazi ya saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mbolea iliyozolewa ifunikwe kwa turubai hadi wenye bustani za mchicha waje na viroba vyao.

Nguruwe na ng'ombe wana hadithi nyingine. Mkojo wao ukichanganyika na mavi ndipo amonia inapozaliwa kwa kasi, kwa hiyo sakafu yenye mwinamo na mfereji wa kuutenga mkojo huokoa mengi. Hatari kubwa zaidi iko shimoni, kinyesi kinapokaa majini bila hewa. Hapo hutoka gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi inaipooza pua, unadhani imeisha, kumbe ndiyo imefika kiwango cha kuua. Anayeanguka shimoni hafuatwi na mwenzake hivihivi, maana wa pili naye hubaki humo. Methani, gesi inayoshika moto, nayo hutoka hapohapo, na haina harufu hata kidogo. Kule North Carolina, jimbo la Marekani, kinyesi cha nguruwe huhifadhiwa kwenye madimbwi ya wazi, na kimbunga Florence kilipopiga mwaka 2018 baadhi yake yalifurika.

Kwa mradi mkubwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Mwenye kuku mia tano nyuma ya nyumba anategemea zaidi pua yake, na pua hiyo tumeshaona ilivyo. Ukirudi kutoka Kariakoo na viroba vyako vya chakula cha kuku, simama getini kwanza, uvute pumzi kabla hujaingia. Una dakika chache tu kabla haijazoea tena.