Mkimbizi si mhamiaji haramu

Sisi wa Mtwara, kila zinaposomwa habari za Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji lenye mapigano, tunasikia watu waliovuka Mto Ruvuma wakiitwa wakimbizi asubuhi na wahamiaji haramu jioni, wakati mwingine na msomaji yuleyule.

Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa nchi za Afrika wa 1969 ukawaongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Aliyetoka mji wa Mocímboa da Praia akaishia Pemba, mji mkuu wa jimbo hilohilo la Cabo Delgado na si kisiwa chetu, hajavuka mpaka. Huyo ni mkimbizi wa ndani.

Linaloniudhi ni dhana kwamba mtu huwa haramu mpaka serikali impe karatasi. Mwongozo wa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa unasema kinyume chake: hati haimfanyi mtu kuwa mkimbizi, bali inautambua ukimbizi aliokwisha kuwa nao. Mama aliyeukimbia mji wa Palma, Cabo Delgado, uliposhambuliwa Machi 2021, akavuka kwa mtumbwi na mtoto mgongoni, alikuwa mkimbizi tangu alipovuka mpaka, kabla hajapewa karatasi yoyote. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja hatarini na anajitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa, na kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha kwenye hatari hiyo. Ukimwita mhamiaji haramu, umekwisha kumhukumu kabla hajasikilizwa, na Mmakonde mwenzake aliyempokea nyumbani kama ndugu anaanza kuogopa majirani.

Wanasiasa wanaujua vizuri uzito wa majina haya. Mwaka 2016, chama cha UKIP cha Uingereza kilipopigia kampeni kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kilitoa bango lenye foleni ndefu ya wakimbizi na wahamiaji, ilhali picha yenyewe ilipigwa mwaka uliotangulia huko Slovenia, mbali kabisa na mpaka wa Uingereza. Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya. Wakati wa vita vya uhuru vya Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, waliovuka Ruvuma hiihii walipewa makazi Rutamba, Lindi, na wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wakafunzwa Nachingwea; lugha ya siasa wakati ule ilikuwa ya undugu na ukombozi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipoingia Tanzania kutoka Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo kwa takriban siku moja, lugha ya mzigo na tishio la usalama ikashika nafasi. Mzigo ulikuwepo kweli, hasa kwa wenyeji wa Ngara, na kuutaja si kosa. Hata hivyo fasili ya mkataba haikuguswa. Kilichobadilika ni hesabu za kisiasa, na vyombo vya habari vikafuata kwa kuandika "wimbi" na "kufurika", maneno yanayomficha mtu mmoja mmoja ndani ya umati.

Basi ndugu zangu wa redio na magazeti, ambaye maombi yake hayajaamuliwa aitwe mwomba hifadhi, na kama hata hilo halijathibitika, andikeni tu kwamba ni watu waliokimbia mapigano.