Wimbo wa kumuenzi mtu ni nini hasa? Tuchukue The Prince ya Madness

Watu wengi wakisikia msanii kamuenzi mkongwe fulani wanajua ni kuurudia wimbo wake tu basi, kumbe hivyo ni vitu viwili, na kuna santuri moja ndogo ya mwaka 1979 inavyo vyote, kila kimoja upande wake.

Bendi inaitwa Madness, vijana wa Camden, London, wanapiga ska. Ska kwa asiyeijua ni muziki wa Jamaika uliotangulia rege. Hesabu hivi, moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, sasa gitaa na piano vinagonga kwenye zile "na", sio kwenye namba, ndio maana magoti yanaanza kucheza hata hujaamua. Mmoja wa wakali wake ni Prince Buster, jina la kuzaliwa Cecil Campbell, mtoto wa Kingston wa 1938, alipigana ngumi, akawa na saundi sistimu yake, yaani yale maspika makubwa ya kupigia muziki mtaani, halafu akawa mwimbaji na prodyuza mwenye duka lake la santuri pale Orange Street.

Sasa hao Madness singo yao ya kwanza kabisa, ndiyo ile santuri ndogo, chini ya lebo ya 2 Tone ya Jerry Dammers wa The Specials, bendi nyingine ya ska, wakaiita The Prince. Wimbo mpya, katunga Lee Thompson mpiga saksafoni wao, ila mashairi ni Buster mwanzo mwisho, jina lake limo, Orange Street imo, hata tetemeko linalotajwa humo linatoka kwenye wimbo wa Buster unaoitwa Earthquake. Anayemjua mzee anatabasamu, asiyemjua kashapewa jina na mtaa wa kuanzia kutafuta. Huko ndio kuenzi.

Geuza upande B, unakutana na wimbo unaitwa Madness, huo ni wa Buster mwenyewe na ndiko walikotoa jina la bendi. Hiyo sasa ni kava, yaani kuurudia wimbo wa mwingine. Kava unaweza ukaipiga miaka kumi na mashabiki wako wakadhani ni yako, ila wimbo wa kumuenzi mtu huwezi kumficha, si yeye ndio habari yenyewe. Kwenye hela mambo yanageuka, upande A mtunzi ni Thompson kwa hiyo Buster anapata sifa, upande B mtunzi ni Buster na mrabaha wa utunzi ni haki yake. Mimi naona mzee alistahili vyote.

Ipo na njia ya tatu. The Specials mwaka huohuo walianza na Gangsters, iliyojengwa juu ya Al Capone ya Buster, ila humo hutamsikia akitajwa, wamechukua matofali wakajenga nyumba yao. Sio mbaya, ila sio kuenzi. Na kwa Madness kumtaja Buster kulikuwa na uzito zaidi maana walikuwa wazungu watupu wanapiga muziki wa weusi uliofika Uingereza na wahamiaji wa Jamaika, wangeweza kabisa kukaa kimya wakajifanya wameubuni wao.

The Prince ilifika namba 16 kwenye chati ya Uingereza. Wakahamia lebo ya Stiff, singo iliyofuata ikawa One Step Beyond, nayo ya Buster vilevile, safari hii kava, ikapanda mpaka namba 7.