Nambari kubwa isiyogawika kwa ndogo si lazima iwe tasa
Wanafunzi wengi ninaowasomesha jioni hapa Kisauni, Mombasa, huamini kwamba nambari kubwa isiyogawika kwa 2, 3, 5, 7 wala 11 ni tasa, yaani haigawiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sivyo. Itazameni 4,294,967,297, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1. Fermat, bingwa wa hisabati wa Ufaransa, aliidhania tasa, na kweli nambari tasa 115 za mwanzo zote huacha baki. Lakini mnamo 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha kuwa ya 116, yaani 641, huigawa sawasawa na kutoa 6,700,417. Zidisheni wenyewe kwa kalamu, muone. Uhakika hupatikana kwa kujaribu nambari tasa zote hadi kipeuo cha pili cha nambari inayopimwa, ambacho hapa kinapita 65,536 kidogo mno.