"Nimeshazoea"

Nikiingia kwenye nyumba ya mtu na mita yangu ya kupimia sauti, neno ninalolisikia zaidi ni hilo. Alilisema pia mama mmoja wa Mombasa ambaye chumba chake cha kulala kiko juu ya pampu ya maji ya ghorofa lao. Tangi likipungua tu, pampu inajiwasha, hata iwe saa nane za usiku. Anasema siku hizi haimwamshi. Ila kila asubuhi huamka amechoka, na presha imeanza kumsumbua.

Masikio hayana kope. Tumelala, nayo yanasikia, na ubongo unaipima kila sauti kama ni ya hatari. Aliyezoea haamki, hilo kweli. Lakini moyo wake huenda mbio, mishipa hukaza, usingizi mzito hugeuka mwepesi, na asubuhi hakumbuki lolote. Ikienda hivyo miaka na miaka, hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri sauti chumbani usiku isizidi wastani wa desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kishindo cha mara moja kisipite 45. Kanuni za Kenya za 2009 zinaruhusu 35 ndani ya nyumba za makazi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Pampu ilipowaka, mita yangu ilifika 57.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitilii maanani. Watafiti wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, waliwasikilizisha watu kelele huku baadhi yao wamepewa kitufe cha kuizima. Wenye kitufe walifanya kazi vizuri zaidi baadaye, hata wale ambao hawakukibonyeza. Kelele usiyojua itaanza lini, wala huna uwezo nayo, ndiyo inayochosha zaidi. Mwaka 1973, wao na Sheldon Cohen walichunguza watoto wa maghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu huko Manhattan: wa ghorofa za chini, kwenye kelele zaidi, walisoma vibaya kuliko wa juu.

Yule mama alikuwa amebandika trei za mayai ukutani ili zizuie kelele. Nilimwonea huruma, maana trei ni nyepesi mno. Sauti huzuiwa na kitu kizito na kwa kuziba nyufa. Isitoshe, sauti ile haikupita hewani. Ni mtetemo uliopanda kwenye zege na mabomba.

Basi fundi aliikalisha pampu juu ya mpira mzito, akaunganisha bomba kwa kipande cha hozi, na mwangalizi wa jengo akaweka taima ili tangi lijazwe jioni. Niliporudi, pampu ikiwa inafanya kazi, mita ilisoma 36. Presha yake daktari ataipima tena mwezi ujao.