"Musawo, alikuwa anatishia tu": maswali na majibu kuhusu kujitoa uhai

Nafanya kazi katika kituo cha afya upande wa Busia, Uganda, karibu na mpaka, na hapa mhudumu wa afya huitwa "musawo". Maneno hayo ya juu nimeambiwa mlangoni kwa Kiswahili, kwa Kisamia na kwa Kiganda, mara nyingi na ndugu aliyechelewa. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza.

Nani yuko hatarini zaidi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwa wenye miaka 15 hadi 29, ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Uganda ni nchi ya vijana, kwa hiyo habari za vijana ndizo tunazozisikia. Lakini ukihesabu kwa kila watu 100,000, kiwango cha juu kabisa duniani kiko kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Mzee aliyefiwa na mkewe, mwenye maumivu yasiyoisha, nani anamuuliza anaendeleaje moyoni?

Kwa jinsia, wanawake hujaribu zaidi, wanaume hufa zaidi, na hapa Uganda wanaume wanaokufa ni wengi kuliko wanawake. Mwanaume haleti huzuni kituoni. Analeta mgongo, kichwa, kukosa usingizi, au pumzi yenye harufu ya pombe kali ya waragi. Mmoja alikuja mara tatu akitaka vidonge vya usingizi. Mara ya tatu mdogo wake, aliyemsindikiza, akasema kwa furaha kwamba kaka amempa baiskeli yake bure. Anayegawa vitu vyake ghafla huenda anaaga. Nilifunga mlango, nikamuuliza yule kaka moja kwa moja. Alilia kabla sijamaliza swali. Yuko hai.

Anayesema atajiua si anatafuta huruma tu?

Hapana. Wengi wanaojiua walikuwa wamesema kabla: "nimechoka na dunia", "mtanikumbuka", "watoto wangu uwatunze". Hayo si maneno ya kuchezea. Hata kama anataka huruma, mpe. Mtu aliyefika mahali pa kutaja kifo ili asikilizwe ameshaumia vya kutosha.

Lakini amesema mara nyingi na hajafanya kitu.

Jibu langu ni lile lile: hapana, hatishii tu. Aliyewahi kujaribu yuko hatarini kuliko mtu mwingine yeyote. Kila mara anaposema, hesabu kwamba ni mara ya kwanza. Na tafadhali, acheni ule mtindo wa kumwambia "basi fanya tuone". Nimekaa na mama aliyetamka maneno hayo kwa hasira, akamfikisha binti yake kwetu usiku. Binti alipona. Mama bado hajajisamehe.

Nikimuuliza, si nitampa wazo?

Humpi. Wazo likiwepo lilikuwepo kabla yako, na wengi hupata nafuu wanapoulizwa. Kaeni pembeni, wawili, umuulize kwa sauti ya kawaida: "Ndugu yangu, umefika mahali pa kufikiria kujitoa uhai?" Kisha nyamaza usikilize. Usimhubirie, usimtajie madeni ya ada wala aibu ya ukoo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, na dawa zote za nyumbani na za shambani zifungiwe mahali asipopafikia.

Tuanze kwa mchungaji au kwa mganga?

Anzeni kituoni, siku hiyo hiyo. Sipingi sala, mwombeeni mkiwa njiani. Ninachokipinga ni kumzungusha mgonjwa wiki tatu kwa kikao cha ukoo, kisha kwa mganga, kisha kwenye mkesha, halafu kumleta kwetu akiwa hoi. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, ina dawa na ina tiba ya mazungumzo. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuwasindikiza. Kituo kikishindwa, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Huduma katika vituo vya serikali hailipiwi.

Tukimleta, polisi hawatamkamata?

Hofu hii inaua. Ni kweli Kanuni ya Adhabu imeliweka jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wamelipigia kelele jambo hilo. Lakini anayefika kwangu ni mgonjwa, nami namtibu. Msitudanganye kwamba "amekula chakula kibaya" ili kukwepa aibu. Tukijua ukweli mapema tunatoa tiba inayofaa. Tukidanganywa tunapoteza dakika ambazo hatuna. Kama mtu ameshajidhuru, msisubiri ajisikie vibaya kwanza. Hata akisema yuko sawa, pandeni boda sasa hivi.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, yamekwisha?

Bado. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari sana. Dawa ya sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kusaidia, na wengi wanaiacha siku ya tano wakidai haifanyi kazi. Mchague mtu mmoja wa kulala naye chumba kimoja, mwingine wa kushika dawa na kumpa ya siku hiyo tu. Pombe iondoke nyumbani. Tarehe ya kurudi kliniki iandikeni ukutani, na siku hiyo mje naye, msimtume peke yake.