Kupima kasi ya msimbo mfupi: kuendesha mara moja hakutoshi

Wengi huamini kwamba ukisoma saa kabla na baada ya kipande cha msimbo, tofauti ndiyo kasi yake. Kwa kazi ya dakika nzima, sawa. Lakini kujumlisha namba mbili kunaweza kuisha ndani ya nanosekunde chache (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), pengine muda mfupi kuliko ule wa kuisoma saa yenyewe. Isitoshe, kompyuta huhudumia programu nyingine papo hapo.

Jaribu mwenyewe: kwenye lugha ya programu ya Python, amri ya timeit.timeit() hurudia kipande mara 1,000,000 usipotaja idadi. Pima hivyo mara kadhaa, kisha, kwa maoni yangu, shika muda mdogo kuliko yote badala ya wastani, maana usumbufu wa nje kwa kawaida huongeza muda. Kwenye lugha ya C, hakikisha jibu la hesabu linatumika mahali fulani. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiona halitumiki, huweza kuifuta hesabu yote.