Unapenda nikuiteje? Mambo tunayodanganyana kuhusu kumwita mgonjwa jina

Manesi wengi, na mimi nilikuwa humo humo, tunaamini ukimwita mzee “bibi” au “babu” au “mpenzi wangu” ndo upendo wenyewe. Wapo wanaofurahia, ila si wote. Niliwahi kumhudumia mama mmoja wa miaka themanini na kitu, kila nikisema “bibi, tugeuke kidogo” anaangalia ukutani, nikajua masikio tu yamechoka, mpaka siku ya tatu nikakaa pembeni ya kitanda nikamuuliza unapenda nikuiteje? Akanigeukia. “Mwalimu.” Basi, kuanzia hapo tukaongea, hata sindano ikifika anatoa mkono mwenyewe.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Kansas, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakaona wakisemeshwa kitoto, na vijina vya kudekeza, wanakataa huduma zaidi kuliko wakisemeshwa kama watu wazima. Kwa hiyo kabla hujaandika mzee ni msumbufu, jisikilize kwanza unavyomsemesha.

Halafu kuna hii: jina si lipo kwenye faili, kuuliza kwa nini? Hapo tunachanganya vitu viwili. Jina la faili ni la usalama, unalihakiki pamoja na kitu kingine kama tarehe ya kuzaliwa kabla ya dawa, damu au kipimo, na usiulize “wewe ndo fulani?” maana mtu mwenye homa kali ataitikia ndiyo kwa lolote, mwache alitaje mwenyewe. Jina la kumwitia ni jambo lingine kabisa, hilo anachagua yeye, kuna mtu jina lake la kwanza hajaitwa tangu shule ya msingi. Ukishalijua liandike mahali wa shifti ya usiku atalikuta.

Kumwita mgonjwa “Kitanda namba sita” wala sitaki kulijadili sana, wagonjwa wanahamishwa vitanda kila siku, siku moja dawa itaenda kwa mtu siye.

Wengine wanasema mgonjwa hana haja ya kujua jina la nesi. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa anaugua kansa, alilazwa 2013 akaona wengi wanaomhudumia hawajitambulishi, akaanzisha kampeni ya wahudumu kutaja majina yao, na ilisambaa sana kabla hajafariki 2016. Mimi sasa naanza na langu ndo nauliza lake.

Na asiyejitambua je, eti hasikii? Vipimo vya mawimbi ya ubongo vimeonyesha baadhi yao ubongo unaitikia jina lao tofauti na majina mengine. Kwa hiyo nawauliza ndugu zake nyumbani anaitwaje, namwita hilo hilo, namwambia nakugeuza sasa, ndo namgusa.